UZI: Ile simulizi ya vyumba vinane, nani ameiua katikati?

#1 MsomajiMkaidi
Habari zenu. Wengi humu mnafuata ile simulizi ya vyumba vinane vya kupanga vya Bwaise, Kampala, inayozunguka WhatsApp, kwa hiyo sitaisimulia upya: wapangaji wa uani mmoja, siri zao na madeni yao, sehemu 30 mpaka sasa. Sehemu ya 1 mpaka ya 15 ni moto. Kuanzia ya 16 mpaka ya 30 ni uji uliopoa.

Dai langu: mwandishi amemtwika mama chapati wa chumba cha 1 kazi yote. Habari ya mimba ya chumba cha 6 inapita kwake, deni la mwalimu wa chumba cha 3 linapita kwake, mke wa kwanza wa fundi pikipiki wa chumba cha 4 anapita kwake. Jirani mmoja amegeuka redio, saba wamebaki wasikilizaji. Majirani wa kweli hawafungwi pamoja na mmbeya. Wanafungwa na vitu ambavyo lazima washirikiane hata siku ambazo hawasalimiani.

Nipingeni.

#2 KalamuYaJinja
Nakupinga nusu. Mmbeya ana kiti chake kwenye hadithi ya uani tangu enzi za bibi zetu. Kosa ni kwamba huyu hapotezi kitu. Sehemu ya 9 anamwaga deni la mwalimu mbele ya watu, sehemu ya 10 mwalimu yuleyule anakuja kununua chapati mbili na chai kama hakuna kilichotokea. Muuza chapati wa hapo anawategemea wapangaji kabla ya wapita njia. Akimwaibisha mmoja, yule anavuka barabara, tena anavuka na mke na watoto. Unga umeshakandwa alfajiri na haurudi kwenye mfuko. Jioni umelegea, umeanza kuchacha. Umbeya una bei na bei yake ni hiyo. Angetuonyesha tu donge la unga lililolala kwenye beseni, tungeelewa.

#3 FundiMita
Mimi nasoma kwa jicho la umeme, mnisamehe. Sehemu ya 18 chumba cha 4 "wanalala gizani kwa sababu ya jirani", halafu mwandishi anapita mbio. Ssebo, hapo ndipo hadithi ilipokuwa!

Vyumba vinane, mita moja ya Yaka, umeme wa kulipia kabla. Mita iko juu ya nguzo. Huku chini kuna kile kidude cha kubonyezea namba, na kidude hakikai uani kwenye mvua, kinakaa ndani ya chumba cha mtu. Kwenye simulizi kiko chumba cha 2. Basi chumba cha 2 ndio serikali. Tokeni ina tarakimu 20, wao ndio wanaoziingiza, wao ndio wanaoona yuniti zilizobaki, wao ndio wanaojua nani alichanga na nani alisema "kesho". Wakifunga mlango wakaenda kijijini kuzika, vyumba saba vinakaa gizani huku tokeni imeshalipiwa na iko kwenye simu ya mtu.

La pili. Kwa mita ya nyumbani, yuniti 15 za kwanza za kila mwezi zinauzwa kwa bei ya nafuu, zinazofuata zinapanda. Hesabu inafanywa kwa mita, haifanywi kwa chumba. Vyumba vinane mnagawana yuniti 15, haifiki mbili kila mlango. Anayenunua wa kwanza mwezi ukianza anapata yuniti nyingi kwa shilingi 10,000 zake. Anayenunua siku ya tatu, kwa shilingi 10,000 zilezile, anapata kidogo. Asiyejua hilo ataapa kwamba chumba cha 2 wanamwibia. Hapo una ugomvi mzito na hakuna mwizi. Sehemu tano nzima zingetoka humo bila mimba hata moja.

#4 NyaboWaKawempe
"Bila mimba hata moja." Banange, sasa huyo mwandishi atakula wapi?

#5 MzeeWaMalaba
Sahihisho dogo kwa mwandishi, akipita humu. Sehemu ya 22 ni Desemba 2025, amesema mwenyewe. Halafu anakuja "kijana wa Umeme mwenye sare na kitambulisho" kupanda nguzo. Mkataba wa kampuni ya Umeme uliisha tarehe 31 Machi 2025, na kuanzia Aprili usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali. Kijana huyo ametoka kaburini?

#6 FundiMita
Mzee, hapo nitamtetea kidogo. Midomoni mwa watu bado ni "watu wa Umeme", na kwa sisi wa Kiswahili jina lenyewe ni umeme tu, ungeita nini kingine? Mama chapati akisema "Umeme wamekuja" ni sawa kabisa. Sare na kitambulisho ndivyo vinavyomfunga. Angeandika "kijana wa stima mwenye ngazi" angepona.

#7 MgeniWaMbeya
Wakuu, samahani, mimi wa nje ya mpaka. Kila nikisoma "alihamia mzigo mwingine" naona mtu amelala juu ya magunia ya mahindi. Mzigo hapo ni kitu gani?

#8 KalamuYaJinja
Karibu, mgeni. Ni Kiganda: muzigo, wingi mizigo. Chumba kimoja au viwili katika safu ya vyumba vya kupanga, milango yote inatazama uwanja mmoja, choo na bomba nje. Wakenya wanasema ploti. Ila neno limeangukia pazuri kwenye Kiswahili. Tarehe ya kodi ikifika utajua ni mzigo kwelikweli.

#9 MhaririMkavu
Nyote mnaongelea vitu. Mimi naona hesabu.

Nyumba nane zinatoa jozi 28 za majirani: nane mara saba, gawa kwa mbili. Hakuna anayesoma kwenye simu ndani ya taksi anayeweza kubeba mahusiano 28, na mwandishi naye hawezi. Sehemu 15 za kwanza zilitumia jozi nne: 1 na 3, 2 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Kila mlango una mwenzake mmoja, msomaji anatulia. Sehemu ya 16, kwenye ile karamu ya Krismasi, amefungua jozi tisa kwa mpigo. Tangu hapo kila chumba kinapewa aya mbili halafu kinazama sehemu nne. Jozi ya tano ingefunguliwa pale tu ambapo jozi mojawapo ya zile nne imefungwa: mmoja amehama, wamepatana, au wamekosana kabisa.

Dawa yake ni ya karani. Chukua karatasi, kila mstari uwe siri moja, kila safu iwe chumba. Kwenye kisanduku andika namba ya sehemu ambamo chumba hicho kilijua, na herufi ya njia: S alisikia, O aliona, A aliambiwa, K alikisia. Kisanduku chenye namba na hakina herufi, hapo pana tundu. Na matundu yapo. Chumba cha 7 anamtania fundi kuhusu mke wa kwanza sehemu ya 17. Huyo mke anatajwa uani kwa mara ya kwanza sehemu ya 21. Alijuaje? Aliota?

#10 MsomajiMkaidi
Asante, Mhariri. Lakini jedwali lako linanisaidia mimi: ukijaza, safu zote isipokuwa ya chumba cha 1 zitajaa A tupu. Kila mtu anaambiwa, hakuna anayeona.

#11 LubigiChini
Tena Mhariri kaweka S na O kabla ya kuchora uwanja. Hiyo ni Bwaise, siyo Kololo ya matajiri. Ni bondeni, maji ya chini ya ardhi yako karibu, ukichimba shimo la choo linajaa kabla hujatoka ndani. Ndiyo maana vyoo vingi vya kule vimeinuliwa juu, unapanda ngazi za saruji kama mtu anayeenda kuhutubia.

Sasa rudi sehemu ya 11. Binti wa chumba cha 6 "anajiiba usiku kama anaenda chooni" ili akutane na mtu huko nyuma. Atajiiba vipi? Kwanza achukue ufunguo, maana tundu moja la choo wanalitumia vyumba vitatu, 4, 5 na 6, na lina kufuli lao. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari mlangoni pa chumba cha 5, ameandika mwenyewe sehemu ya 3, na una kipande cha ndala kilichofungwa kwa kamba ili usipotee. Kipande cha ndala kinagonga mbao ukikivuta. Halafu apande ngazi tano mbele ya milango minane. Halafu arudishe. Chumba cha 5 wanajua ametoka, wanajua kakaa muda gani, na wakitaka kwenda wao wanakuta msumari mtupu. Hapo mmbeya wa nini? Msumari umeshasema.

Na mafuriko ya sehemu ya 13. Mfereji wa Lubigi ukizidiwa, maji hayaingii vyumba vinane kwa dakika ileile. Yanaanza mlango wa chini, yanapanda. Chumba cha 8 wameshainua kitanda kwa matofali na godoro liko juu ya meza, chumba cha 1 bado wanakaanga chapati na kushangaa kelele za nini. Katika nafasi hiyo ndipo mtu anabisha hodi na mtoto na redio mkononi, na ndipo unajua nani anafungua na nani anajifanya amelala. Mwandishi kafurikisha wote pamoja, wakakumbatiana juu ya meza. Picha nzuri, lakini nafasi imetupwa.

#12 SeremalaWaNdejje
Niongeze kwenye herufi S. Ukuta wa kati wa mizigo mingi unaishia pale mbao ya paa inapolala. Juu yake hakuna dari, kuna pembetatu ya wazi chini ya mabati inayounganisha safu nzima. Sauti haipiti ndani ya tofali, inapanda na kuruka. Aliyesimama anasikika kuliko aliyelala. Chumba cha pembeni kinapata jirani wa upande mmoja tu, kwa hiyo chumba cha 1 kumsikia vizuri wa chumba cha 6 ni miujiza. Vilevile mwanga unapita hapohapo: taa ikiwaka chumba cha 3 saa tisa usiku, cha 2 na cha 4 wanaona mstari wa mwanga juu ya ukuta. Hakuna aliyetumia mstari huo hata mara moja katika sehemu 30.

Kosa kubwa liko sehemu ya 20. "Mvua ilikuwa ikinyesha kama imetumwa", na chumba cha 7 anasikia askari wa chumba cha 8 akinong'ona ungamo lake lote, neno kwa neno. Mabati ya geji 30 bila dari! Mvua ya hivyo hata uliyekaa naye kitanda kimoja inabidi umpigie kelele. Mambo ni kinyume chake. Mvua kubwa ndiyo saa pekee ambayo muzigo una faragha. Mtu anayetaka kusema jambo zito anangoja mvua. Na balaa ni mvua inapokatika ghafla, sauti bado iko juu, sentensi iko nusu.

#13 NyaboWaKawempe
Mvua inayokatika sentensi ikiwa nusu. Hiyo nimeshaiba, msiniulize.

#14 WakiliWaUani
Sehemu ya 24 nayo muitazame. Mwenye nyumba anapandisha kodi kutoka 120,000 mpaka 180,000 kwa mwezi mmoja, na wapangaji wanalia tu. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inaweka kikomo cha nyongeza ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo 120,000 ingekuwa 132,000. Kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya mahakama. Mkataba wa maandishi ni lazima kodi ikifika 500,000, kwa hiyo hawa wa Bwaise hawalazimiki kuwa nao, na hapo ndipo pana utamu: hakuna karatasi, kuna daftari la mwenye nyumba na kumbukumbu za watu. Mwalimu wa chumba cha 3 anajua kusoma sheria. Angesimama nayo, nani angesimama naye?

#15 LubigiChini
Wakili, sheria iko Bungeni, mwenye nyumba yuko mlangoni. Hatamki neno "kufukuza". Anasema "nataka kukarabati". Anatoa mabati mawili juu ya chumba chako "kwa ajili ya fundi" na fundi haji. Au anaweka kufuli lake juu ya kufuli lako ukiwa kazini. Ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa, wa LC1, mwenyekiti ni jirani yake wa miaka mingi, na barua yako ya utambulisho ulipohamia aliigonga muhuri yeye. Anakuambia "mkae mzungumze".

#16 WakiliWaUani
Sijasema angeshinda. Nimesema angejaribu. Kitendo cha kujaribu kinawagawa wapangaji: wenye malimbikizo watanyamaza kwa sababu daftari linawajua, wasiodaiwa watapiga kelele. Ukijua nani anadaiwa miezi mingapi, unajua kila mtu atasema nini kabla hajafungua mdomo. Mwandishi hakutupa hata tarehe moja ya kodi. Saa ya ukutani ya mizigo ni tarehe ya kodi, siyo Krismasi.

#17 BomboStendi
Mmesahau lugha. Kuna nini na huyu askari wa chumba cha 8? Akiwa na njaa anaongea Kiganda safi, akiwa na mapenzi anaongea Kiingereza, akikasirika tu ndipo Kiswahili kinamtoka: "Wewe! Kuja hapa!" Tumechoka. Najua Kiswahili kiliingia jeshini tangu wakati wa mkoloni na watu wengi wa Buganda walikizoea kwenye kizuizi cha barabarani. Lakini Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wa chumba cha 3 wangekuwa wanaimba vitenzi uani, na askari angekuwa mtu pekee wa kuwasahihishia kazi ya nyumbani, kwa sababu baba yao mwalimu hakijui. Hiyo jozi ya 3 na 8 angeipata bure, Mhariri.

Jambo jingine, bibi wa Kinubi anayemtembelea chumba cha 7. Mwandishi kampa Kiswahili kibovu. Kinubi si Kiswahili kibovu, ni lugha yake, asili yake Kiarabu. Bibi wa Bombo kwa Wanubi akiongea Kiswahili, anaongea Kiswahili.

#18 KalamuYaJinja
Bombo umepiga penyewe. Na mama wa Kikongo wa chumba cha 5? Kiswahili cha Goma kina ladha yake, "minasema", "batoto", na askari wa chumba cha 8 angeelewana naye kuliko wote pale uani. Ufunguo wa choo uko mlangoni kwa mtu ambaye nusu ya uani hawazungumzi naye. Mwandishi alikuwa na dhahabu, akakaangia chapati.

#19 MwalimuWaFasihi
Nawasoma tangu jana na ninaona mnaelekea kusema kwamba hadithi ya majirani ni ramani ya bomba na choo. Siafiki. Naguib Mahfouz alichapisha riwaya ya kichochoro cha Kairo mwaka 1947. Mwaka 1995 ikatengenezwa filamu Meksiko, kichochoro kikahamishiwa Jiji la Meksiko, Salma Hayek akiwa ndani. Kuta nyingine, lugha nyingine, dini nyingine, na bado ilisimama. Ilisimama kwa sababu pale kuna watu wanaotaka kutoka kwa hali yoyote, na wanamtumia jirani kama ngazi. Simulizi yetu imekufa kwa sababu kuanzia sehemu ya 16 hakuna anayetaka kitu. Binti alitaka kwenda Dubai, sehemu ya 17 kasahau. Fundi alitaka pikipiki yake mwenyewe, kasahau. Wanabaki kuwa majirani tu, na ujirani peke yake si kiu.

#20 SeremalaWaNdejje
Mwalimu, kwa heshima, mfano wako unatutetea sisi. Kichochoro kile kina mkahawa na kina kinyozi. Walipokihamisha, walihama na mahali pa kukutania, wakaweka kilabu cha pombe na kinyozi wao. Hawakuwaacha watu wakutane hewani. Mkahawa wa Bwaise ni bomba, kidude cha Yaka na msumari wa ufunguo.

#21 MwalimuWaFasihi
Bomba halitaki kwenda Dubai.

#22 MgeniWaMbeya
Hahaha. Mwalimu kaua.

#23 MhaririMkavu
Kwa wapenda ramani: Mfaransa Georges Perec, mwaka 1978, alitoa riwaya ya jengo zima la Paris. Alilichora kama ubao wa miraba kumi kwa kumi, akahama chumba hadi chumba kwa mwendo wa farasi wa chesi, mraba mmoja akauruka makusudi, zikatoka sura 99. Utaratibu ulimzuia kurudi kwa mhusika anayempenda kila mara. Mwandishi wetu anarudi chumba cha 1 kila sehemu ya pili.

#24 NyaboWaKawempe
Vyumba vinane kwenye safu moja, huyo farasi atageukia wapi, Mhariri? Ataishia kwenye mfereji.

#25 DadaWaVifurushi
Naona mnatafuta mbali. Hesabuni urefu. Sehemu ya 1 mpaka ya 15 zilikuwa bure na kila moja ina maneno kama 900. Kuanzia ya 16 zinauzwa tano-tano kwa pesa ya simu, na kila moja haifiki 500. Ukikata maneno 400 kwenye sehemu, kinachokatwa hakiwi mimba wala kilio, maana ndivyo vinavyouza. Vinakatwa msumari, donge la unga, mstari wa mwanga. Halafu kila sehemu ya tano lazima ifunge kwa mshtuko ili ununue kifurushi kinachofuata: ya 20 ungamo, ya 25 mapacha wa siri, ya 30 mtu kaanguka ngazini. Mshtuko kila baada ya sehemu tano unataka mtu wa kuusambaza haraka uani, na mtu huyo ni nani? Mama chapati. MsomajiMkaidi, mmbeya wako ni chombo cha biashara. Bado kuna makato ya kutoa pesa na ile asilimia 0.5 ya serikali juu yake. Mtu anaandika kwa hesabu hiyo.

#26 KalamuYaJinja
Lakini Dada, hadithi za magazetini nazo zilikuwa na urefu uliobanwa na mshtuko wa kila wiki. Nyingine zilidumu vizuri. Ufinyu haulazimishi uvivu. Katika maneno 500 unaweza kuweka msumari. Maneno mawili: "msumari mtupu".

#27 DadaWaVifurushi
Unaweza ukiwa na wiki. Huyu anatoa sehemu tatu kwa siku.

#28 BomboStendi
Na wasomaji je? Mwandishi anaweka kura baada ya kila kifurushi. Chumba cha 7 alihama sehemu ya 19, watu wakalia kwenye maoni, sehemu ya 23 karudi na godoro lake bila maelezo, chumba kikiwa bado wazi. Chumba cha Bwaise kikae wazi mwezi mzima? Kodi ya kuanzia inalipwa miezi kadhaa mbele, na mwenye nyumba anapata mtu kabla godoro halijafungwa kwenye bodaboda. Hapo wauaji ni sisi.

#29 MsomajiMkaidi
Nimesoma yote. Dai langu la kwanza nalirekebisha: mmbeya ni dalili. Ya nini, kila mmoja ana lake humu. Mwalimu bado hajanishawishi, ingawa ile ya Dubai imeniuma.

#30 FundiMita
Mimi nasubiri sehemu ya 31 nione kama tokeni ya sehemu ya 18 iliwahi kuingizwa. Chumba cha 4 wako gizani tangu hapo, na sehemu ya 26 wanapiga pasi.

#31 SeremalaWaNdejje
Pasi ya makaa labda.

#32 FundiMita
Ameandika "waya wa pasi ulimnasa mguu".

#33 LubigiChini
Swali moja kabla ya kesho. Ufunguo wa choo, ule wa kipande cha ndala. Binti aliondoka nao sehemu ya 11. Uko kwa nani?

#34 KalamuYaJinja
Nimerudi kutafuta. Haukurudi. Sehemu ya 12 mpaka ya 30 hautajwi.

#35 NyaboWaKawempe
Sehemu kumi na tisa! Vyumba vitatu havijaenda chooni tangu kabla ya mafuriko?

#36 MhaririMkavu
Nimeongeza mstari kwenye jedwali.